Hati ya baba na tundu la mdomo: kisa cha mtu wa Mombasa aliyekwenda Mangochi kutafuta kwao

Dada ninayemzungumzia hapa ni mzaliwa wa Mombasa. Baba yake alikuwa mtu wa Frere Town, mama yake ni wa Mji wa Kale. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa, na kifungua mimba wake ametimiza miaka 18 juzi juzi tu. Ameniruhusu nieleze kisa chake mradi nisimtaje wala nisitaje jamaa zake. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, maana kwa miaka mingi nimewasaidia watu wa pwani hii kutafuta wazee wao, na sijaona kisa kinachoonyesha wazi kama hiki mahali tunapopotea njia.

Baba alikuwa Mwanglikana, alisali kanisa la Emmanuel tangu utotoni. Akasilimu ili amuoe mama. Ndugu za mama walisema kijana si kufu yao, na ingawa nikahi ilipita, wako walioikataa biriani ya harusi. Ndugu za baba nao walihisi wamepokonywa mtoto. Binti akakua na jina la kwanza la Kiislamu na jina la ukoo la Kiingereza, lile ambalo wamishenari walimbatizia babu wa baba yake. Madrasa wenzake walimwita mtoto wa misheni. Sikukuu ya Krismasi akipelekwa Frere Town kuamkia wakubwa, binamu zake walimwita mtoto wa Waarabu. Mama yake si Mwarabu, lakini watoto hawaulizi sana.

Mambo haya aliishi nayo bila kuyachokonoa mpaka mwanawe alipokwenda kuomba kitambulisho. Afisa aliangalia lile jina la Kiingereza, akamtazama kijana alivyovaa kanzu na kofia, akamuuliza kabila. Kijana akasema Mswahili. Akaambiwa arudi na mzazi na karatasi za babu. Wanaoishi bara huenda hawaelewi uzito wa jambo hili. Wamakonde walioishi Kwale miongo na miongo walilazimika kufunga safari kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa raia. Wapemba walingoja mpaka 2023. Kijana wa Mombasa anapoulizwa kabila, swali hilo lina historia, na mamake alirudi nyumbani siku hiyo ameamua kulijibu.

Karatasi alizipata kwa shangazi yake, Kisauni. Ndani ya mfuko wa nailoni, katikati ya stakabadhi za maji na picha za mazishi, kulikuwa na nakala ya hati ya ubatizo ya babu wa baba yake. Nimeishika mwenyewe. Jina la Kiingereza limeandikwa kwa mwandiko wa mapambo, herufi zimelala kulia. Mahali pa jina la baba pana mstari mtupu. Mahali pa jina la mama pia pana mstari. Pembeni, kwa mkono wa mtu mwingine na wino uliofifia, pameandikwa neno moja: Yao, jina la kabila la kusini, pande za Ziwa Nyasa.

Asiyeijua Frere Town ataona hati hiyo kama karatasi ya kanisa tu. Ni kijiji kilichoanzishwa na wamishenari wa CMS (Church Missionary Society, chama cha Waanglikana wa Uingereza) kwenye miaka ya 1874 na 1875, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni. Mwaka 1872 Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwenda Unguja kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Mkataba ulitiwa saini Juni 5, 1873. Manowari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi, na waliokutwa ndani walihitaji pa kushushwa. Kabla ya hapo wengi walipelekwa Bombay, wengine wakasomeshwa shule ya misheni kule Nasik. Miongoni mwao alikuwa Matthew Wellington, Myao, mmoja wa waliouchukua mwili wa Livingstone hadi pwani, aliyekuja kuishi na kufia Mombasa mwaka 1935. Kutoka Nasik pia walirudi William Jones na Ishmael Semler, ambao Askofu Hannington aliwaweka wakfu kuwa mashemasi mwaka 1885. Hannington alipouawa Busoga mwaka huo huo, Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani.

Nayataja majina hayo kwa kuwa watu wa Frere Town wana haki ya kujivunia. Walikuwa walimu na makasisi wakati wengi wetu hatujui a wala be. James Juma Mbotela, mwana wa hapo, aliandika habari za wazee hao kwa Kiswahili mwaka 1934, na sauti ya mwanawe Leonard, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940, iliingia kila nyumba yenye redio nchini Kenya. Kengele iliyopigwa kuwaonya wanakijiji wakati wa hatari ndiyo iliyolipa eneo zima jina la Kengeleni, ambapo leo matatu zinashusha na kupakia mchana kutwa.

Basi babu wa baba yake alikuwa mtoto aliyetolewa jahazini, na kwa hesabu za familia ilikuwa miaka ya 1880. Neno Yao likawa kwa dada yetu kama ufunguo. Alisoma kila alichokipata kuhusu Wayao, akajua wengi wao ni Waislamu. Hilo lilimpa matumaini makubwa. Aliniambia, “Kumbe baba aliposilimu hakupotea, alikuwa arudi kwao.” Alijenga picha ya mahali ambapo jina lake la kwanza na ukoo wake vingekaa nyumba moja bila kugombana. Likizo ya shule ilipofika akapanda basi la Dar es Salaam kupitia Lunga Lunga, akaunganisha Mbeya, akavuka mpaka kuingia Malawi, akateremka mpaka Mangochi, kusini kabisa mwa Ziwa Nyasa.

Mengi alinipigia simu kunieleza akiwa huko, na alikuwa na furaha. Adhana aliifahamu. Wavulana walikuwa wakipelekwa jando, na jina la jando ni hilo hilo. Mashehe wazee wengine walijua Kiswahili. Hilo halina ajabu: karne ya kumi na tisa wakuu wa Kiyao kama Makanjira na Mponda walikuwa na makarani walioandika barua kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mataka, mkuu wa Wayao wa upande wa Msumbiji, alipanda miembe mjini kwake na kujivunia kuwa ameufananisha Uyao na pwani.

Lakini hao hao ndio waliokuwa wakifanya biashara ya watu. Pembe na watumwa walishuka kutoka ziwani hadi Kilwa kwa misafara ya Wayao, na nguo na baruti zikapanda. Dada alikuwa ameyasoma hayo Mombasa, akayapita upesi. Huko Mangochi hakuweza kuyapita, kwa sababu aliambiwa waziwazi na shehe mmoja mzee aliyewahi kusoma Unguja. Mzee alimkaribisha uani, akamwekea mkeka, akaisikiliza habari ya hati mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakulitarajia.

“Mama wa mama yako ni nani?”

Dada akamtajia, akaongeza kwamba huyo ni mtu wa Mombasa, hahusiki. Uyao wake ni wa upande wa baba.

Mzee akamjibu kwa upole kwamba kwao ukoo hufuata mama. Mwanamume ana dada zake, na watoto wa dada ndio wa ukoo. Wanawake hao na watoto wao, wanaokaa chini ya ulinzi wa kaka yao, ndio mbumba. Watoto aliowazaa mwenyewe ni wa ukoo wa mke wake. Akasema, kama nilivyosimuliwa: “Huyo mtoto wa jahazini, ikiwa alikuwa wetu, alibaki wetu yeye. Watoto wake ni wa mama yao wa huko. Na wewe, mwanangu, wewe ni wa kwa mama yako.” Halafu akamwonya juu ya ile hati. Pwani, alisema, mtu aliyeletwa na Wayao aliitwa Myao, hata kama alitekwa siku mbili kabla kutoka kijiji cha watu wengine kabisa.

Alipewa chakula, akaombewa dua, akaitwa mgeni. Hakuitwa ndugu.

Hapo ndipo nilipoingia kwa kina katika kisa hiki, maana alirudi Mombasa amekata tamaa na alitaka kuchana zile karatasi. Nilimwomba asubiri tukae tuyapange, na tulipoyapanga jambo moja lilijitokeza ambalo hata mimi sikuwahi kuliona kwa ukamilifu namna ile. Wayao wanahesabu kwa mama, na mama yake ni wa Mji wa Kale. Mji wa Kale wanahesabu kwa baba, na baba yake ni wa Frere Town. Frere Town, kwa malezi ya kanisa, pia walihesabu kwa baba, mpaka unafika kwenye ile hati yenye mistari mitupu. Kila mlango alioubisha ulimwelekeza mlango mwingine. Nadhani ni kosa kusema mtu huyu amechanganyikiwa kuhusu asili yake. Amefuata kanuni za watu watatu kwa uaminifu, na hakuna kanuni hata moja iliyotungwa kwa ajili ya mtu aliyetokana na watu waliouzwa.

Watu waliniambia afanye kipimo cha DNA. Kinaweza kusaidia kidogo, lakini kingemwambia tu kwamba ana damu ya kusini mashariki mwa Afrika, jambo ambalo hati imekwisha kusema.

Mimi nilikuwa na shaka nyingine. Kwa nini swali la mzee lilimshangaza hivyo? Mtu anayetafuta asili yake, amevuka mipaka miwili, amejifunza majina ya wakuu wa Kiyao, hakuwahi kuuliza nyanya wa mama yake alitoka wapi. Sababu naiona hivi. Misheni iliandika. Ilikuwa na daftari la ubatizo, la ndoa, la mazishi, na barua nyingi zilipelekwa Uingereza, ambako hadi leo zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Mtu akianza kutafuta, karatasi humvuta kwenye upande ulio na karatasi. Nyumba za Mji wa Kale hazikuwa na daftari la namna hiyo, na pale ambapo palikuwa na la kusema, palikuwa na sababu ya kunyamaza.

Mwaka 1880 watu wa Mombasa waliokuwa na watumwa walitishia kuishambulia Frere Town kwa kuwa misheni iliwaficha watoro wao. Mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia ili zaidi ya watumwa 1,400 waliokimbilia vituo vya misheni, Rabai na kwingineko, wapewe hati za uhuru. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Hayo ni maisha ya babu za babu zetu tu, si hadithi za Nabii Nuhu. Ukoo wa baba na ukoo wa mama wa dada huyu walitazamana ng'ambo moja kwa nyingine ya maji yale yale, na huenda walijuana kwa majina. Nilimwambia aende Mji wa Kale, akamuulize nyanya yake mdogo, dada wa mama wa mama yake, ambaye kwa kukisia amekaribia miaka 90 na akili zake timamu.

Alikataa. Mama yake naye alipopata habari akakasirika: “Wataka kutuaibisha? Mambo ya kale yaache huko kale.” Ilichukua muda. Safari ya Malawi haikuwa imemgharimu aibu yoyote, na hii ya kuvuka Daraja la Nyali ilikuwa na aibu tupu. Mwishowe mama ndiye aliyesema twende wote, ili kama kuna neno litakalosemwa alisikie kwa masikio yake.

Tulimkuta ajuza juu ghorofani, karibu na dirisha, amejifunga leso. Nilikaa pembeni na sikuuliza kitu. Dada alimshika mkono, akamwamkia, akamweleza habari za Mangochi zote, hata swali la mzee. Ajuza alinyamaza sana. Halafu akaanza kumwelezea nyanya yake mwenyewe, yaani mama wa mama yake, ambaye alilala naye kitanda kimoja utotoni.

Alikuwa na jina la pambo, alisema, jina la kito, kama walivyoitwa masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana wao. Mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu lililojikunja. Akinywa maji, yalimchirizika hapo, naye alikuwa na kitambaa cha kujifutia ambacho hakikumtoka mkononi. Watoto walidhani ni ugonjwa. “Tukimuuliza, mamangu hutufinya. Hutufinya hapa,” akaonyesha mahali chini ya mkono. Wakija wageni, bibi yule aliuvuta mtandio akaficha mdomo. Alizaa na bwana wa nyumba, watoto wakachukua ukoo wa baba yao, wakaozwa vizuri. Alipofariki, alizikwa kwa heshima. Katika hitima za kila mwaka nyumbani humo, jina lake halikutajwa.

Naeleza tundu hilo kwa sababu ndicho kipande cha ushahidi kilicho wazi kuliko vyote katika kisa hiki. Wanawake wa Kinyanja wa pande za ziwani, Wamakonde na Wamakua walitoboa mdomo wa juu wakavaa kigingi au kipande cha duara. Livingstone aliwaona na kuwaandika. Ni kusema bibi huyu alitoka katika watu waliokuwa wakitekwa na misafara ile ile. Siwezi kusema ni kabila gani kati ya hayo. Naweza kusema kwamba dada alikwenda ziwani akishika hati ya babu, na kumbe kwa hesabu ya ziwani kama alivyoielewa kutoka kwa yule mzee, uzi unaomfunga na kule unapitia kwa mama yake, kwa nyanya yake, hadi kwa mwanamke mwenye kitambaa. Upande uliokataa kufu na upande uliokataliwa walikuwa wametoka njia moja. Mmoja alishushwa na manowari akapewa hati. Mwingine alipandishwa ngazi akapewa jina la kito. Hata Unguja, amri ya 1897 iliyowafungulia watumwa njia ya kudai uhuru mahakamani iliwaacha nje masuria, na wakabaki nje mpaka 1909. Ndiyo maana hawana karatasi.

Mama yake dada alilia, na neno alilosema kwanza lilikuwa juu ya mumewe marehemu: kwamba walimdharau kwa jambo walilokuwa nalo ndani ya nyumba.

Wako watakaosema haya ni kufukua makaburi. Siafikiani nao hata kidogo. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ambaye baba amemkubali ni mtoto halali, muungwana, anarithi sawa na ndugu zake. Sultani Barghash, yule yule aliyetia saini mkataba wa 1873, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Ikiwa mfalme hakupungukiwa na kitu, aibu hii ya Mji wa Kale haitoki katika dini. Inatoka kwetu, tuliotaka kuhesabu baba tu ili tusiulizwe mama. Na naona inawaumiza walio hai, si wafu: kijana aliyeulizwa kabila ofisini alipaswa kuwa na jibu refu la fahari, akaachwa na neno moja ambalo hata yeye hakuliamini.

Kitambulisho chake kilitoka baadaye, ameandikwa Mswahili. Mama yake hakutaka abadilishe. Aliniambia Frere Town na Mji wa Kale wote wamezungumza Kiswahili nyumbani vizazi vyote hivyo, na Myao hakumtambua, basi anayeweza kumnyima Uswahili ajitokeze aeleze. Nakubaliana naye, ingawa shangazi wa Kisauni angependa neno Frere Town lionekane mahali.

Hitima ya mwaka huu ilifanyika mwezi wa Shaabani. Ajuza aliagiza jina la nyanya yake liandikwe katika karatasi ya marehemu wa kusomewa, akalitaja herufi kwa herufi. Mpwa wake mmoja alipinga, akaondoka kabla ya chakula. Shangazi wa Frere Town alialikwa, akaja na wanawe wawili.

Sasa tunatafuta mke wa yule mtoto wa jahazini. Kila mtu katika ukoo ule anamjua mume, picha yake ipo ukutani. Mke ametajwa mara moja tu katika karatasi za shangazi, kwa jina la ubatizo, na pembeni pameandikwa Makua. Dada ameomba kuangalia daftari la ndoa kanisani, na amepewa siku ya kwenda.